Mtihani ni wa mtoto, karatasi za safari ni za wazazi

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita mkoani Katavi anayetarajia kwenda kusoma nje ya nchi huishi na kalenda mbili. Moja ni ya Baraza la Mitihani la Tanzania, Necta: mtihani wa mwisho huanza mwanzoni mwa Mei na haumsubiri mtu. Nyingine ni ya safari: cheti cha kuzaliwa, pasipoti, maombi ya ufadhili, mtihani wa Kiingereza, vipimo vya afya na viza.

Kalenda zote mbili humwangukia kijana mmoja wa miaka 18 au 19, na mara nyingi katika wiki zile zile. Mchana yuko darasani, jioni yuko prepu, na usiku anajaza fomu kwa simu ya kuazima kwa sababu ndio muda pekee aliobaki nao. Nyumbani wanamsifu kwamba anajituma. Hakuna anayehesabu saa za usingizi anazopoteza.

Hapo ndipo familia nyingi hukosea. Huiona safari kama jambo la kijana mwenyewe, "si ndiye anayeenda Ulaya?", kisha humwachia abebe mtihani na karatasi kwa pamoja. Ukweli ni kwamba mtihani hakuna wa kumfanyia. Karatasi nyingi, wapo wa kumsaidia.

Umbali unakula siku za masomo

Kwa kijana wa Dar es Salaam, kwenda ubalozini ni suala la nauli ya daladala na kuomba ruhusa ya nusu siku. Kwa kijana wa Mpanda ni jambo zito. Mji huo uko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, ambako balozi nyingi zipo na ambako vipimo na huduma nyingi za viza hufanyika.

Barabara ya lami ya Tabora hadi Mpanda kupitia Koga imepunguza adha iliyokuwepo zamani, na reli ya tawi la Kaliua hadi Mpanda nayo ipo kwa wasio na haraka. Hata hivyo, anayetakiwa Dar es Salaam siku ya Jumatano kwa basi anapaswa kuondoka Mpanda Jumatatu, na akirudi salama ataingia darasani Ijumaa amechoka. Wiki nzima imekwenda kwa karatasi moja. Kwa anayetoka Mishamo, Karema au Mpimbwe, kuna siku nyingine ya kufika kwanza Mpanda mjini.

Safari ya namna hiyo ikifanyika Agosti au Desemba, kijana atafidia. Ikifanyika Aprili, anaingia chumba cha mtihani akiwa na mada alizozikosa na uchovu ambao haujaisha.

Usingizi ukiibwa, kumbukumbu nayo inaondoka

Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10 kwa siku. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7. Wakati wa usingizi, ubongo hupanga na kuhifadhi yaliyosomwa mchana. Anayekesha ili asome zaidi anakata muda ambao alichosoma kingewekwa mahali pake.

Mwaka 1997 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti wa Australia uliolinganisha watu waliokaa macho muda mrefu na watu waliokunywa pombe. Baada ya saa 17 bila kulala, utendaji wa washiriki ulishuka kufikia kiwango cha mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu. Mwanafunzi aliyeamka saa 11 alfajiri kuchota maji na kuwahi shule anafikisha saa hizo 17 ifikapo saa 4 usiku. Fomu ya ufadhili anayoanza kuijaza saa 5 usiku anaijaza akiwa katika hali hiyo, na kesho yake anaingia somo la fizikia nayo.

Makosa ya karatasi pia huzaliwa hapo. Jina linaandikwa kwa mpangilio tofauti na ule wa cheti cha kuzaliwa, tarehe inapinduliwa, kiambatisho kinasahaulika. Kosa dogo la usiku mmoja linaweza kumaliza mwezi mzima kulisahihisha.

Wengine hukimbilia vinywaji vya kuongeza nguvu. Kafeini huchukua takribani saa 5 kupungua kwa nusu mwilini. Kopo linalonywewa saa 3 usiku, nusu ya kafeini yake bado iko kwenye damu saa 8 usiku. Kijana atalala, lakini usingizi wake utakuwa mwepesi, na asubuhi atahitaji kopo jingine.

Nani afanye nini

Njia rahisi ni familia kukaa chini mapema na kugawana kazi. Karatasi moja ya daftari inatosha: upande mmoja mambo ambayo lazima kijana ayafanye mwenyewe, upande wa pili mambo ambayo mtu mwingine anaweza kuyafanya.

Upande wa kijana ni mfupi. Lazima afike mwenyewe Uhamiaji kwa picha na alama za vidole. Lazima afanye mwenyewe mtihani wa Kiingereza kama chuo kinautaka. Lazima aandike mwenyewe barua ya kujieleza, apimwe afya, na ahojiwe ubalozini akiitwa. Hayo yote yapangwe wakati wa likizo, au baada ya mtihani wa mwisho.

Upande wa wazazi ni mrefu. Kufuatilia cheti cha kuzaliwa Rita, kutafuta vyeti vya kuzaliwa vya wazazi, kulipia ada, kutoa nakala steshenari, kupeleka vyeti vikathibitishwe na wakili, kupiga simu, kufuatilia majibu kwenye barua pepe, kuandika tarehe za mwisho kwenye kalenda ya ukutani. Mzazi asiyejua kutumia kompyuta anaweza kumpa kazi hiyo mjomba, shangazi au kaka aliyepitia chuo, mradi awe mtu mmoja anayejulikana. Kazi ikiwa ya watu watano inakuwa haina mwenyewe.

Namna ya kuzungumza na kijana nayo inapunguza au kuongeza mzigo. Baba anayempigia binti yake simu kupitia kwa matroni na kuanza na "Mama, pasipoti imefikia wapi?" amemwachia swali litakalomkesha. Akisema, "Mama, za pasipoti niachie mimi na mjomba wako, wewe soma na ulale," binti ataitikia "Sawa baba, asante," na atarudi kwenye daftari lake akiwa mwepesi.

Karatasi za kudumu na karatasi zenye muda

Wengi hudhani kila kitu kikifanyika mapema ndiyo salama. Si kila kitu. Zipo karatasi za kudumu, na zipo ambazo muda wake huisha kabla safari haijafika.

Za kudumu zitangulie. Cheti cha kuzaliwa hakina mwisho. Kijana akishatimiza miaka 18 anaweza kujisajili Nida. Pasipoti ya kawaida ya kielektroniki, iliyozinduliwa Januari 2018, inadumu miaka 10 na ada yake ni Sh150,000. Fomu yake hujazwa mtandaoni, na uthibitisho wa safari huombwa pia, hivyo ni busara kuuliza Uhamiaji viambatisho vyote kabla ya kulipia nauli ya pili.

Kwa familia za Katumba na Mishamo jambo hili lina uzito wa pekee. Makazi hayo yaliwapokea wakimbizi wa Burundi waliokimbia machafuko ya mwaka 1972, na mwaka 2014 serikali ilitangaza kuwapa uraia watu wapatao 162,000 wa kundi hilo. Mtoto aliyezaliwa huko na kufaulu hadi Kidato cha Sita anapoombwa uthibitisho wa uraia wa wazazi, cheti cha uraia cha baba au mama ndicho kinachotafutwa. Kama kimekaa kwenye sanduku la bati tangu kilipotolewa, kitolewe sasa kikaguliwe majina, maana tofauti ya herufi moja kati ya cheti cha mzazi na cha mtoto huleta maswali.

Karatasi zenye muda ziachwe hadi wakati wake. Mtanzania anayeomba viza ya Uingereza ya zaidi ya miezi 6 hutakiwa kupimwa kifua kikuu katika kliniki ya Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, jijini Dar es Salaam, na cheti chake hutumika kwa miezi 6 tu. Anayepima Januari kwa safari ya Septemba amelipa nauli na gharama bure. Matokeo ya mtihani wa Kiingereza wa IELTS hudumu miaka 2, kwa hiyo huo unaweza kufanyika likizo ya Desemba bila hofu.

Ufadhili nao una tarehe zake. Dirisha la ufadhili wa serikali ya Hungary hufungwa katikati ya Januari, wakati matokeo ya Kidato cha Sita hutoka Julai. Maana yake ni kwamba kijana anaomba kabla ya kufanya mtihani, na nafasi akiipata huwa ya masharti hadi matokeo yatoke. Maombi ya aina hiyo yamalizike likizo ya Desemba, vyeti vikiwa tayari mkononi.

Kabla ya kulipa chochote kwa chuo au wakala, familia iulize Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Ndiyo inayotambua shahada za nje, na ndiyo inayotoa cheti cha kutokuwa na pingamizi kwa wanaokwenda kusoma nje. Shahada ambayo haitatambuliwa nyumbani ni hasara ya miaka minne.

Pesa ipo wakati wa mavuno

Katavi ni mkoa wa mahindi, mpunga na tumbaku. Pesa ya familia nyingi huonekana kati ya Mei na Agosti, tumbaku ikiuzwa na mahindi yakitoka shambani. Januari hadi Machi mfuko huwa mtupu, chakula chenyewe kikipimwa.

Bahati mbaya, huo ndio wakati ambao kijana wa Kidato cha Sita huanza kuombwa ada za hapa na pale. Mzazi anakopa, anauza mbuzi kwa bei ya kutupa, au anamwambia mwanaye asubiri. Kijana naye anasoma akijiona mzigo, na wasiwasi wa aina hiyo hukata usingizi kuliko hesabu ngumu.

Nafuu ni kuangalia mavuno ya mwaka uliotangulia. Kijana anapofunga Kidato cha Tano na kurudi likizo ya Juni, mambo mawili yanakutana: hana mtihani wa taifa mbele ya macho, na nyumbani kuna mazao. Huo ndio wakati wa Rita na Nida, na wa kutenga fedha ya pasipoti na nauli ya safari moja ya Dar es Salaam. Ikitengwa Julai, Machi haitakuwa na kelele.

Binti abebe kilicho chake

Kwa mabinti kuna jingine. Utafiti wa Hali ya Afya ya Uzazi na Mtoto wa mwaka 2015-16 ulionyesha Katavi ikiongoza nchini, asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wakiwa wamewahi kupata mtoto au kuwa wajawazito. Katika utafiti wa mwaka 2022 kiwango hicho kilishuka hadi asilimia 34, kikiwa bado juu ya wastani wa taifa wa asilimia 22.

Binti aliyefika Kidato cha Sita katika mkoa huu amevuka mengi. Akiwa anasoma kutwa, mara nyingi bado ndiye anayepika, anayeosha vyombo na anayelea wadogo zake. Ukijumlisha mtihani na safari, anakuwa na kazi tatu. Miezi miwili ya mwisho, Machi na Aprili, kaka zake wanaweza kuchota maji na kuinjika ugali. Saa mbili anazookoa kila jioni zinamtosha kumaliza prepu mapema na kulala.

Chanjo, homa na dawa

Chanjo ya homa ya manjano hutakiwa na baadhi ya nchi, na wakati mwingine hutakiwa kwa sababu ya uwanja wa ndege anaopitia msafiri, siyo tu kule anakotoka. Anayepitia Addis Ababa au Nairobi na kukaa zaidi ya saa 12 uwanjani anaweza kuulizwa cheti hicho aendako. Cheti huanza kutumika siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu Julai 2016 Shirika la Afya Duniani limekubali kwamba kinadumu maisha yote.

Kwa kuwa kinadumu, hakuna haja ya kuchanja Mei. Baadhi ya watu hupata homa ndogo, kichwa kuuma na maumivu ya mwili kwa siku chache baada ya chanjo hiyo. Wiki ya mtihani si wiki ya kujaribu. Mwenye ugonjwa wa muda mrefu, mwenye mzio mkali wa mayai, mjamzito au anayeishi na virusi vya Ukimwi azungumze kwanza na daktari.

Malaria nayo isisahauliwe. Kijana anaweza kuondoka Mpanda akiwa mzima huku vimelea vikiwa tayari mwilini, akaanza kuumwa wiki kadhaa baadaye. Daktari wa Budapest au Beijing anaweza kudhani ni mafua. Kijana afundishwe kusema mapema: akipata homa ndani ya miezi mitatu ya kwanza, aseme anatoka eneo lenye malaria na aombe apimwe. Na akirudi likizo baada ya miaka miwili, kinga aliyokuwa nayo itakuwa imepungua, hivyo alale ndani ya chandarua kama mgeni.

Mwenye pumu, kisukari au selimundu asafiri na dawa za kutosha kuanzia, zikiwa kwenye maboksi yake pamoja na barua ya daktari. Baadhi ya nchi, zikiwemo za Falme za Kiarabu, zinadhibiti vikali dawa za maumivu kama tramadol na zenye kodeini, hata kama ni vidonge vichache kwenye mkoba.

Wiki za mtihani

Kuanzia wiki mbili kabla ya mtihani, karatasi za safari zisimame. Anayesimamia mawasiliano ndiye ashike simu na barua pepe, na amwambie kijana yale tu ambayo hayawezi kusubiri. Habari mbaya ya ufadhili ikifika usiku wa kuamkia mtihani wa kemia, inaweza kusubiri siku kumi bila kuharibika.

Chakula kiwe kile alichozoea. Uji wa asubuhi, maharage, dagaa, mayai yakipatikana, matunda ya msimu na maji ya kutosha vinatosha. Huu si wakati wa kumletea chakula kigeni cha pongezi.

Mtihani ukiisha kuna JKT. Wahitimu wengi wa Kidato cha Sita huitwa kwenye mafunzo ya mujibu wa sheria yanayoanza muda mfupi baada ya mtihani, kipindi kile kile ambacho viza na vipimo vinadaiwa. Mwenye safari asijifiche nyumbani na asikae kimya. Familia iulize mapema utaratibu, barua ya chuo ikiwa mkononi.

Dalili za kuelemewa

Uchovu wa kawaida huondoka mtu akilala. Mzazi au mwalimu awe macho akiona kijana hapati usingizi hata anapopata nafasi, analia bila sababu, hali, anaumwa kichwa au tumbo kila siku, anajitenga, au anasema bora asingezaliwa. Kauli hiyo ya mwisho isichukuliwe kama utani wala isijibiwe kwa mahubiri. Kijana asiachwe peke yake, na apelekwe kituo cha afya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Katavi. Ushauri wa afya hupatikana bure kwa simu namba 199, na kwa walio chini ya miaka 18 ipo namba 116.

Kinachowasumbua vijana wengi ni hofu ya kuwaangusha watu. Kijiji kizima kimeshaambiwa kwamba anaenda ng'ambo, harambee imefanyika kanisani au msikitini, na yeye anajua viza inaweza kukataliwa hata kama hajakosea chochote. Mzigo huo mzazi anaweza kuupunguza kwa kutotangaza safari kabla ya tiketi, na kwa kumwambia mwanaye waziwazi kwamba safari ikikwama, nyumbani kuna njia.

Njia hiyo ipo kweli. Matokeo mazuri ya Kidato cha Sita humfungulia mlango wa vyuo vya ndani na kumpa nafasi ya kuomba mkopo wa elimu ya juu, na mwaka unaofuata anaweza kuomba tena ufadhili wa nje akiwa na cheti mkononi. Pasipoti bila ufaulu haimfikishi popote. Ndiyo maana, karatasi na daftari vikigombania usiku mmoja, daftari lishinde, na ikifika saa 4 usiku vyote viwili vifungwe, kijana akalale.